Baba na Mizani ya Mahindi

Ndugu na marafiki, kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba leo nimekataa kuku wa mama.

Nilitoka chuo Kitale asubuhi, nikafika nyumbani Kamukuywa saa sita.

Miezi miwili sijagusa chakula cha jioni ili nipunguze mwili. (Maandazi ya saa kumi si chakula, ama niambieni.)

Nilitarajia kusifiwa, bana.

Mama akanitazama. "Na vile umeisha! Watu watasema unaugua."

Baba hakupandisha sauti. Hapo ndipo niliogopa.

"Kama umekonda, mambo ya hosteli yamekwisha. Utakuwa ukienda chuo ukitoka hapa."

Ati kila siku, na nina masomo ya saa moja!

Nikaapa sijakonda. Mimi, niliyelala njaa ili nikonde. Mnacheka?

"Maneno ya nini? Mizani iko," baba akasema.

Yeye hutupima sote kwa mizani ya mahindi kabla ya shule kufunguliwa, na kuandika kilo kwa chaki mlangoni mwa ghala. Zangu za mwisho zilisoma sitini na nne.

Nikapanda pale panapowekwa gunia. Mama akashika leso yake kifuani. Baba akasogeza kijiwe cha mizani polepole, akarudia.

Sitini na saba.