Kiwi Nyeusi Kwenye Shevrole

Fundi wa kusifiwa ni hatari kuliko fundi wa kubahatisha. Huyu wa pili angalau huuliza. Pule Motloung alikuwa wa kusifiwa. Kwa miaka ishirini alikuwa aking'arisha magari kule Orlando, Soweto, na kwenye BMW za miaka ya themanini, zile ziitwazo gusheshe, hakuwa na mpinzani.

Ndiyo maana Mme, yaani Mama, Dikeledi, mjane wa mzee Ntate Moabi, alimpelekea magari mawili: gusheshe nyekundu ya mwanawe na Shevrole nyeusi ya mwaka 1938, aliyoachiwa na mumewe. Jumapili yangeshindanishwa magari ya zamani, na sifa kubwa ya Shevrole ilikuwa rangi yake ya kiwandani, ambayo haikuwahi kuguswa.

Gusheshe ilimaliziwa asubuhi. Ile ina vanishi juu ya rangi, na ukiisugua kwa mashine inakusamehe. Shevrole haina vanishi. Rangi ndiyo ngozi yenyewe. Pule hakulijua hilo wala hakuuliza. Kitambaa kilipotoka cheusi, alidhani ni uchafu wa miaka mingi, akafurahi, akakandamiza mashine. Kufikia kitambaa cha tatu, madigadi ya kulia ilikuwa na kipara cha kijivu, ukubwa wa kiganja.

Aliogopa kama mtoto aliyevunja chungu cha bibi. Ulimi wa Mme Dikeledi aliujua: akilisema neno kanisani leo, kesho Orlando nzima inalo, na nani tena angemwachia gari? Kupaka rangi mpya hakukufaa, waamuzi wangeitambua. Akachukua kiwi ya viatu, akapaka, akafuta, akapaka tena. Kisha akaisukuma Shevrole mpaka ubavu wa kulia ukakaribia kugusa ukuta.

Mama huyo alipofika, Pule alikuwa amelowa jasho. Mama hakuuliza lolote kuhusu gusheshe. Alisimama mbele ya Shevrole, akavuta pumzi puani.

"Pule, mwanangu, hapa kuna kiwi."

"Nimesafisha viatu vyangu, Mme."

Mama akamtazama miguuni. Pule alikuwa amevaa ndala. Akakiri yote, mpaka kitambaa cha tatu.

Alingoja matusi, hayakuja. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo.

"Kila Jumapili mume wangu alinukia hivi," alisema taratibu. "Na hakuwahi kuwa na viatu vyeusi."

Pule akakumbuka kwamba marehemu siku zote aliegesha ubavu wa kushoto ukutani. Mama naye alikumbuka, maana alichukua kitambaa cheupe, akainama kwenye madigadi ya kushoto, akasugua. Kitambaa kilitoka cheusi. Chini yake palikuwa na kipara kingine, kikubwa kuliko cha Pule.

"Miaka thelathini na moja ya ndoa," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Akamrushia Pule kitambaa. "Futa kiwi yako. Mwanaume wa pili hatanificha kitu kwenye gari hili."

"Na Jumapili, Mme?"

"Shevrole inakwenda hivyo hivyo. Wewe utasimama kulia, mimi kushoto. Mwamuzi akiuliza, kila mtu aeleze cha kwake."

Pule akaanza kufuta.