Usifunue Tenga

Watu wanaonikuta sokoni Vwawa nikiuza matenga yangu, yale yaliyoshonewa godoro kwa ndani, huniuliza nilisomea wapi. Nawajibu kwamba shule niliiachia kidato cha pili, na kazi hii nilifundishwa na mama mmoja kando ya foleni ya malori Tunduma. Wengine hudhani natania. Nataka kueleza vizuri, kwa sababu yule mama hakunipa kazi tu. Bila yeye nisingebaki na wadogo zangu.

Baba alitangulia. Mama akamfuata wakati wa mvua, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa darasa la tano, na mdogo wetu wa mwisho, msichana, ambaye alikuwa hajaanza hata shule. Tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga baba kwenye mteremko, na ukisimama mlangoni unaona malori yamepangana mpaka yanapopotelea konani.

Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa. Kwetu ndivyo inavyofanyika: kabla watu hawajatawanyika, wanaulizana watoto wanakwenda kwa nani. Hakuna ubaya ndani yake. Kila mtu hujitolea kulingana na chakula alichonacho. Baba mkubwa, yaani kaka yake baba, anayelima kahawa na mahindi Mbozi, alisema atamchukua wa kiume. Shangazi aliyeolewa kwa wafugaji bondeni Momba akasema yule mdogo atakua kwake, maziwa yapo. Mimi nilitafutiwa nyumba ya kufanya kazi za ndani Mbeya. Yalisemwa kwa upole, kama watu wanaogawana kubeba kitu kizito. Mdogo wetu alikuwa amelala mapajani mwangu, ameshika kidole changu.

Nikasema, "Naomba tubaki hapa wote."

"Mtakula nini?" baba mkubwa akauliza.

"Nitafanya kazi."

"Kazi gani?"

Alinitazama, kisha akatazama nje yalipokuwa mafiga ya mama.

"Sikiliza, mwanangu. Nikimaliza kuchuma kahawa nitakuja na gari. Nikikuta jiko lina moto, nitawaacha. Nikikuta jiko limelala, mtapanda wote watatu, na siku hiyo usinililie."

Alikuwa amesema kwa lugha ya milimani. Kule mtu akitaka kujua hali ya nyumba hatazami bati. Anatazama jiko.

Nilianza kwa kuuza karanga kwenye foleni. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hukaa muda mrefu, na dereva hawezi kuliacha gari lake, maana foleni ikisogea na yeye hayupo, aliye nyuma anampita. Kwa hiyo chakula ndicho kinachomfuata dereva. Wauzaji tulikuwa wengi, na karanga tulikuwa nazo sote. Kulikuwa na mama mmoja tu ambaye madereva walimsubiri. Wazambia walimwita Bamayo, yaani mama, nasi wengine tukafuata hivyo hivyo.

Bamayo alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Chakula chake kilikuwa cha moto saa yoyote, hata kwa dereva wa mwisho kabisa kwenye foleni, na hakuwahi kuonekana na jiko. Alisukuma toroli lenye tenga la mianzi, lile la kubebea nyanya, limefunikwa mto mkubwa. Watu walisema mengi kuhusu tenga hilo. Siku moja nilimsaidia kusukuma toroli lilipokwama kwenye matope, nikamuuliza.

"Humu kuna nini, mama?"

"Kuna kitanda," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mume wangu alikuwa dereva. Hujui anarudi saa ngapi. Nikawa naweka sufuria la ugali kitandani, chini ya blanketi, lisipoe. Siku moja maharage hayajaiva, mkaa umeisha, nikayalaza hivyo hivyo kwa hasira. Mume wangu akaja, akafunua blanketi, akaniuliza, 'Leo tunalala watatu?' Kuonja, yameiva. Nikamwambia, baba, kuanzia leo wewe utalala chini."

Ndipo akacheka, akiwa ameshika kiuno.

Aliniambia nije kesho yake. Nilidhani atanionyesha tu, kumbe alinipa sindano. Tukishona akanisimulia alivyolipata tenga lake: kwanza alijaza tenga pumba za mahindi, zikapata unyevu na kuota ukungu. Akajaza majani makavu, yakaleta viroboto. Mwishoni akaenda kwa mafundi makochi, akaokota vipande vya godoro wanavyotupa, akavishona ndani ya blanketi la mtumba. Kila alipojaribu kitu alijaribu kwa kisufuria kidogo, mlo wa mtu mmoja.

"Kosea kidogo kidogo," alikuwa akisema. "Ukikosea sufuria zima, kesho huna cha kukosea nacho."

Aliniambia pia nisimuulize dereva kama chakula ni kitamu. "Atakwambia kitamu, ana adabu. Wewe tazama sahani ikirudi." Niliposikiliza ushauri huo niligundua kwamba wengi waliacha mchicha, na waliokuwa safarini siku nyingi walilamba mchuzi mpaka mwisho. Nikaongeza mchuzi.

Kilichonisumbua ni kimoja. Sikuelewa kwa nini ananifundisha, wakati tutauza kwenye foleni ileile. Nikamuuliza wazi.

"We mtoto, simama hapa utazame," akasema, akanigeuza kwa mabega nitazame malori. "Unaona mwisho?"

"Sioni."

"Basi. Miguu yangu nayo haiuoni. Wewe anzia kule."

Chakula cha tenga langu la kwanza nilikiharibu mimi mwenyewe. Niliyachemsha maharage asubuhi kwa mkaa kidogo, nikayaweka ndani na kuyafunika. Lakini sikuamini. Nilifunua kuona, nikafunika. Nikafunua tena. Mdogo wangu wa kiume naye akafunua. Jioni maharage yalikuwa magumu kama kokoto, na kesho yake yalikuwa yamechacha. Bamayo alipoambiwa hakunipa pole.

"Joto ni kama mtoto aliyeanza kusinzia," akasema. "Ukienda kumwangalia kila saa, halali. Ukishafunika, ondoka. Kafanye kazi nyingine. Usifunue tenga."

Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko kushona. Kungoja bila kuchungulia ni kazi, ingawa mtu akikuona anadhani umekaa tu. Nilijifunza polepole. Ikafika wakati asubuhi nachemsha maharage, nasonga ugali, nafunika kila kimoja kwenye tenga lake, nazima mkaa kwa mchanga ili unifae kesho, kisha nafua nguo za wadogo zangu na kuwasuka nywele watoto wa jirani. Saa nane matenga yanafunguliwa. Wadogo zangu wanakula kwanza, mimi nateremka barabarani.

Baba mkubwa alikuja Jumamosi, saa tano asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika mapema mwaka ule, kahawa ikachumwa mapema, nami sikuwa nimemtarajia. Tulisikia kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kikipanda mteremko kwa kukohoa. Alishuka na koti lake la kanisani, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa kahawa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, wanangu."

Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachuchumaa kwenye mafiga, akaweka kiganja juu ya majivu. Kisha akagusa jiko la mkaa. Vyote vilikuwa baridi. Aliinuka taratibu, akijifuta mkono kwenye suruali, na usoni hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na huzuni. Huzuni ile ndiyo iliyonitisha.

"Saa hizi watu wa Mungu wanapika," akasema. "Haya. Kusanyeni nguo."

"Baba mkubwa, chakula kipo."

"Kiko wapi?"

Nikamwonyesha tenga la maharage pembeni ya mlango.

"Fungua nione."

"Bado. Tunafungua saa nane."

Dereva wa kirikuu, kijana aliyekuwa ameegemea mlango wa gari, akaangua kicheko. "Mzee, hapo kuna kuku anaatamia."

Mdogo wangu wa kiume alinivuta kando, macho yamemtoka. "Dada, washa moto! Mkaa upo. Washa tu aone moshi."

Mkaa ulikuwepo kweli, chini ya mchanga. Nilifikiria. Lakini jiko lingekuwa halina kitu juu yake, na baba mkubwa si mtoto. Na hata kama angedanganyika, angerudi tena, nami ningewasha tena moto mtupu, na kila mara ningekuwa namwonyesha moshi badala ya chakula. Kufungua tenga nako hakukuwezekana. Maharage yangekuwa magumu, angeyaona kwa macho yake, na madereva waliokuwa wakiningoja chini wangekosa.

"Hapana," nikamwambia mdogo wangu. Kisha nikamletea baba mkubwa kiti. "Naomba ukae, baba. Kama hayajaiva tutapanda gari. Sitalia."

Alinitazama mimi, akatazama gari. Akaketi.

Sijui kama kuna muda uliowahi kunisumbua kama ule. Nilifua. Nilianika. Mdogo wetu wa mwisho alikwenda kukaa karibu na tenga, akalikumbatia kwa mikono miwili, akauliza, "Dada, tayari?" Nikasema bado. Akauliza tena. Dereva wa kirikuu akasema kwamba yeye analipwa kwa safari, halipwi kwa kukaa. Baba mkubwa akamwambia alale garini.

Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, baba mkubwa akaanza kuongea. Alianza na kahawa, kisha na nyumba hii, namna baba alivyobeba mawe ya msingi. Halafu akashusha sauti.

"Nyinyi hamjui. Sisi nasi tuliachwa. Mimi nilibaki Mbozi, baba yenu akapelekwa kwa mjomba kule Momba. Alikuwa kama huyu." Akamwonyesha mdogo wetu kwa kidevu. "Walisema tutakuwa tunaonana. Nilipokuja kumwona tena alikuwa na ndevu. Alinisalimia shikamoo kama mgeni."

Nilikuwa nimeshika shati lililolowa, maji yakinidondokea miguuni.

"Walitulea vizuri," akaongeza haraka. "Siwasemi vibaya. Walitulea."

Saa nane niliondoa mto. Nikafungua blanketi, nikashika masikio ya sufuria kwa kitambaa, na nilipoinua kifuniko mvuke ulitoka mwingi hivi kwamba baba mkubwa alirudi nyuma na kiti chake. Akaangalia jiko la baridi, akaangalia sufuria. Akachukua punje moja, akaibinya kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikapondeka.

"Nani ameyapika?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Kisha yakajipika yenyewe."

Akaweka kiganja ndani ya tenga tupu, kwenye blanketi, kama alivyofanya kwenye majivu. Akakiacha hapo.

Alikula sahani mbili. Sikumuuliza kama ni matamu. Nilitazama sahani: alifuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha ugali uliokuwa umekaa kwenye tenga la pili. Dereva aliamshwa na harufu, akaja na sahani yake bila kualikwa, na hakusema tena habari za kuku.

"Haya mzee," dereva akauliza alipomaliza. "Tunapakia nini?"

Baba mkubwa alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Nipakie mimi," akasema.

Mdogo wangu wa kiume aliingia ndani ghafla. Niliona kupitia mlango akitoa nguo zake kwenye mfuko wa rambo na kuzirudisha msumarini. Alikuwa ameshazikusanya bila kuniambia.

Sikulia mbele ya baba mkubwa, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Yeye aliniwekea mkono kichwani, akasema mama yangu mkubwa, yaani mkewe, anatembea mbali sana kutafuta kuni siku hizi, na kwamba safari ijayo nimshonee tenga kama lile. Kisha akashika njia kwa kirikuu kitupu, akiwa peke yake kwenye kiti cha mbele, mkono nje ya dirisha.

Nilichelewa barabarani siku ile. Bamayo alikuwa ameshawaambia madereva wangu wasile kwa mtu mwingine, na nilipomsimulia alinipiga begani kwa kiganja kizito.

"Ulifunua?"

"Sikufunua."

"Basi nenda," akasema, "malori hayo yanasogea."

Tenga la mama mkubwa lilikuwa la kwanza nililomshonea mtu mwingine. Baada yake walikuja majirani zake wa Mbozi, na baada yao wengine. Bamayo sasa miguu imemchoka, anauza akiwa amekaa. Ninapofundisha wasichana kushona huwapa sindano kabla ya maneno, kama nilivyopewa mimi, na nawatuma waanze na kisufuria kidogo.

Mdogo wangu wa kiume anasoma ufundi. Mdogo wetu wa mwisho ameshanipita urefu. Jumamosi, kama wote tupo nyumbani, bado hulisogelea tenga kabla ya saa nane na kuniuliza kama ni tayari, kwa sauti ileile ya utoto, akijua vizuri nitamjibu nini.