Kijana wa Mwisho wa Mzee Theuri

Mzee Theuri wa Kiganjo alikuwa akizungumza na ng'ombe wake, na hiyo haikuwa siri. Aliwauliza wamelalaje, akawasengenyea majirani, na akiwa na gazeti kuukuu aliwasomea hata habari za mpira. Msimcheke. Mtu aliyemzika mkewe Wakiuru, na mwanawe Kingori yuko Australia akipiga simu kila Krismasi na kukata kabla chai haijapoa, atazungumza na nani? Jifya moja haliinjiki chungu, na Theuri alikuwa jifya moja kwelikweli.

Zamani hakuwa hivyo. Kila Desemba vijana walipotoka jandoni, nyumba yake ilijaa. Yeye ndiye aliyekuwa mutiri wa eneo lile, mtu wa kukaa na kijana wakati kidonda kinapona na kumfunza utu uzima: jinsi ya kusalimia, jinsi ya kusimama, jinsi ya kumeza machozi. Alikuwa mkali kama pilipili, na walimpenda. Kisha kanisa likaanzisha kambi yake, yenye vipaza sauti na vyeti na mwalimu kijana aliyevaa fulana, na hakuna aliyebisha tena mlangoni kwa Theuri. Alisema hajali. Uongo mtupu! Alijali mpaka akakonda.

Basi Jumapili moja Gaudencia akasimama kanisani. Huyu alikuwa mke wa askari, mzaliwa wa Bungoma, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Wapendwa," alisema, "kuna kijana pale kituoni ametoka Congo, alikimbia vita. Alishikwa na wenzake Karatina wakiuza njugu, hawana makaratasi. Wenzake wawili walikuwa watu wazima, walishafungwa, na wakimaliza kifungo watarudishwa kwao. Huyu mmoja amebaki. Seli hatuwezi kufungua, lakini chakula tunaweza kupeleka. Nani ako na nini?"

Watu wakatoa viazi, blanketi na sabuni. Theuri akatoa maziwa, kwa sababu alikuwa nayo na hakuwa na wa kuyanywa.

Pale kituoni alimkuta kijana amekaa sakafuni mwa seli, uso ameugeuzia ukuta, mabega yanatikisika.

"Unaitwa nani?"

"Mugisho, papa."

"Na unalia nini?"

"Balimukamata kaka yangu, bakamupa bunduki. Miye nikakimbia."

Theuri hakuwa na dawa ya vita. Alitafuta la kumpa mtoto wa watu, akapata lile moja alilokuwa nalo.

"Wewe ulitahiriwa?" akauliza.

"Nikiwa mutoto mudogo. Hospitali."

Mzee akaguna. "Ati hospitali! Walikukata na hakuna mtu alikufunza. Hiyo ni kazi nusu. Panguza macho. Hapa kwetu mwenye kulia ni kihii, mvulana hajaenda jando, na hakuna tusi mbaya kushinda hiyo. Wewe si kihii. Wewe ni mwanaume. Unasikia?"

Kijana akapangusa macho kwa mkono wa sweta. Akanywa maziwa yote.

Tangu hapo Theuri alikuwa akienda kila alasiri. Askari walimzoea, wakamwekea kiti karibu na nondo. Somo lilikuwa lile lile la miaka yote. Simama mgongo wima. Mikono nyuma. Mtazame mtu machoni. Mtu akikuita mtoto mbele ya watu, kataa, hata kama ni mkubwa namna gani. Mugisho alijifunza upesi, kwa njaa ya mtu asiye na kitu kingine cha kushika. Usiku bado alilia, askari walisema, akimwita mama yake. Lakini mchana, mzee akiwepo, alisimama kama mlingoti.

Na Theuri? Alinawiri. Alinunua sukari. Ng'ombe walikamuliwa kimyakimya siku hizo, maana mwenyewe alikuwa anapanga kesho atamfunza nini kijana wake. Alifurahi, na alipojigundua anafurahi aliona aibu kidogo.

Kisha akaja Anita, wakili kijana kutoka Nyeri mjini, aliyeitwa na Gaudencia. Aliwakalisha Theuri na Gaudencia jikoni kwa mzee.

"Vyeti za kijana zilichomeka," alieleza. "Daktari amesema hawezi kujua, inaweza kuwa kumi na sita, inaweza kuwa kumi na nane. Kwa hivyo hakimu atamuuliza yeye mwenyewe. Akionekana ni mtoto, hafungwi. Korti inaweza kumpatia Mzee hapa, akae na yeye tukiendelea na mambo ya ukimbizi."

"Na akionekana mtu mzima?" Gaudencia akauliza.

"Atafuata wenzake."

"Lakini ni kumi na sita," Gaudencia akasema. "Aliniambia mwenyewe siku ya kwanza."

"Basi aseme tu hivyo," Anita akajibu.

Theuri akaitikia kwa kichwa. Alisikia kila neno, lakini kwake mambo ya korti yalikuwa ya korti na mambo ya jando yalikuwa ya jando. Haikumjia akilini kwamba siku moja yatakutana. Alirudi kufagia chumba cha Kingori, akafungua dirisha, akaanika godoro.

Siku ya kesi alivaa koti lake la harusi za watu. Korti ilikuwa imejaa. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alimtazama Mugisho kwa upole.

"Wakili wako anasema wewe ni mtoto," alisema. "Ni kweli, wewe ni mtoto?"

Mugisho akageuka, akamtafuta Theuri kwa macho, akampata. Akanyoosha mgongo. Akaweka mikono nyuma.

"Hapana, mukubwa. Miye si mutoto. Miye ni mwanaume."

Anita akafumba macho.

"Una miaka mingapi?"

Kijana akamtazama tena mzee wake. "Kumi na nane."

Theuri alikuwa amesikia somo lake likisomwa vizuri, bila kukosa hata neno, na lilikuwa linampeleka kijana gerezani. Akasimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, huyo anadanganya, na ni mimi nilimfunza."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Naitwa Theuri. Mimi ndio nilimwambia asikubali kuitwa mtoto. Lakini hii ni mtoto. Usiku analia akiita mama yake, uliza askari." Alijua neno litakalomaliza kazi, na alijua litafanya nini. "Hii ni kihii, mheshimiwa. Kihii kabisa."

Kicheko kikapasuka kwenye mabenchi. Mugisho hakujua Kikuyu, ila neno hilo moja alilijua, maana alifunzwa na mzee huyu huyu. Mikono ikatoka nyuma, ikafunika uso, na akalia mbele ya watu wote, kwa kwikwi, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hakimu akagonga meza, kicheko kikakoma. Akavua miwani, akasubiri mpaka kijana alipopata pumzi.

"Korti imeona ya kutosha," alisema. "Huyu ni mtoto, na hatafungwa." Kisha akainama kidogo kuelekea kizimbani. "Mugisho, mzee huyu yuko tayari kukaa na wewe nyumbani kwake. Unataka kwenda naye?"

Mugisho akapangusa macho kwa mkono wa sweta. Alimtazama Theuri machoni.

"Hapana," akasema. "Kama miye ni mutoto, munipeleke kwa batoto."

Hakimu akaagiza apelekwe makao ya watoto mjini. Gaudencia akamvuta Theuri koti, akanong'ona, "Mzee, umemwokoa." Theuri alijua. Moyo ulimuuma kama siku ya kumzika Wakiuru, na alikuwa bado amesimama, akiutazama mlango alimopitishwa kijana, wakati karani alipomwambia aketi kwa sababu kesi nyingine imeitwa.