Mkalimani wa Shujaa

Jumamosi alasiri, ukumbi wetu wa Umoja ulionyesha filamu ya gharama kubwa iliyotokana na utenzi wa kale wa Wagiriki. Kiingereza chake kilitushinda, tukamsimamisha mbele mkalimani wetu wa kanisani. Akatafsiri kwa mikono miwili, kama anavyomtafsiria mhubiri.

Shujaa akarudi kwake baada ya miaka ishirini vitani na baharini. Nyumbani, wanaume wengine walikuwa wakila mbuzi wake na kumtongoza mkewe.

“Hebu mwambie wamo ndani!” mama mmoja akapaza sauti.

Mkalimani akageukia skrini, akamwambia shujaa. Kwa Kiingereza.

Mshale wa kwanza wa shujaa ulipompata mlafi wa kwanza, mkalimani akarusha mikono juu: “Bwana asifiwe!”

“Amina!” Ukumbi mzima ukasimama.

Nasikia kwao shujaa yule aliabudu miungu chungu nzima. Basi wajue kwamba Umoja tumeshambatiza.