Siku Mama Maneno Alipotafsiri Kufukuzwa Kwake

Mama Maneno alikuwa mkalimani wa halmashauri, kwenye ofisi ya kuwahudumia wakimbizi waliopewa makazi mjini. Jina hilo alibandikwa na wakimbizi wenyewe, maana hawakubisha hodi popote bila yeye kutangulia: hospitali, shule, kwa mwenye nyumba, hata kwa fundi viatu. Yeye mwenyewe alifika mjini humo mkimbizi, mjamzito, hajui hata kuomba maji. Lugha ya watu aliiokoteza jikoni mwa hoteli akiosha masufuria.

Asubuhi ile aliamka mwili mzito. Mumewe, mlinzi wa ghala, ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kazini.

"Umelala kweli wewe?"

"Nimejilaza tu. Leo diwani anakuja kuongea na watu."

"Diwani akija bila kuitwa, mke wangu, ujue kuna jambo."

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa chini ya ofisi, wenye viti vya plastiki na feni inayojikongoja. Diwani, mtu mpole mwenye mafua, alianzia mbali. Mapato yameshuka, mgao wa serikali kuu umepunguzwa, barabara nazo zinadai. Mama Maneno akatafsiri. Ndipo diwani akafika alikokuwa anakwenda.

"Kwa hiyo fungu la huduma za wakimbizi limefutwa. Mwisho wa mwezi tunafunga madarasa ya lugha, na ukalimani pia."

 Ukalimani ulikuwa Mama Maneno mwenyewe, hapakuwa na mwingine. Alimtazama mkuu wake wa ofisi pale mstari wa mbele. Mkuu alikuwa anakagua kamba za viatu vyake.

"Amesemaje?" aliuliza bibi mmoja mgonjwa wa moyo, aliyekaa nyuma.

Angeweza kulainisha, au kuruka kipande kimoja. Lakini katika kazi yake hakuwahi kutia chumvi wala kupunguza, na siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuanza. Akayasema yote, na lile la mwisho pia.

"Mkalimani si ndiye wewe, mwanangu?"

"Ndiye mimi, bibi."

Diwani akainamisha sikio. "Wanasemaje?"

"Wanauliza kama mkalimani ni mimi. Nimewajibu ndiyo."

Diwani akapangusa pua. "Kumbe hukuambiwa?"

Akalitafsiri na hilo. Wachache walicheka, kicheko cha watu waliochoka, kisha kikafa chenyewe.

"Mwulize," alisema bibi, "mwezi ujao nikienda kwa daktari, nani atamweleza ninapoumwa?"

"Kutakuwa na namba ya simu ya kupiga," diwani alijibu.

"Simu hiyo inajua lugha yangu?"

Diwani akamgeukia mkuu wa ofisi, mkuu akatikisa kichwa. "Bado," diwani alisema kwa sauti ya chini.

Baadaye mkuu alimfuata kwenye ngazi. "Dada, nilikatazwa kusema kabla ya kikao. Nisamehe."

"Kaka, hata hasira leo sina. Niache niende nyumbani."

Akaenda. Hakupika. Mumewe alimfunika shuka, akakoroga uji mwenyewe, ukaungua kidogo, wakaunywa hivyo hivyo.

Madarasa na ukalimani vilifungwa kama ilivyosemwa. Haukupita muda, hospitali ikaanza kulalamika: wagonjwa wanarudi na dawa zisizo zao, madaktari wanaongea kwa vidole. Halmashauri ikakuna kichwa, ikamrudisha Mama Maneno kwa zamu za asubuhi tu, hospitali peke yake, kwa nusu ya mshahara. Shule na wenye nyumba, kila mtu na lwake.

"Utakubali?" mumewe alimuuliza.

"Nikikataa, yule bibi ataongea na ukuta."

Siku ya kwanza alimkuta bibi kwenye benchi la kliniki, amemwekea nafasi kwa mkoba wake.

"Umekonda, mwanangu."

"Nimechoka, bibi."

"Basi kaa. Hawajaniita bado."

Akakaa, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.