Ndoano Kumi na Sita za Mabuti ya Rubani

"Hiki siyo kiatu, hii ni kesi!" Baba mkwe wangu alikuwa amelishika buti la mtu kwa vidole viwili, kama aliyeokota panya kwa mkia. "Umekuja kuruka angani au umekuja kuvua samaki? Ndoano zote hizi za nini?"

"Mzee, ndoano ni za kufungia gidamu," yule mteja akasema. Lilikuwa jibaba lenye mabega, limesimama na soksi kwenye sakafu ya saruji. "Hujawahi kuona mabuti ya kisasa?"

"Nimeyaona kabla mama yako hajakufundisha kutofautisha kushoto na kulia. Chukua raba namba arobaini na tano pale rafuni, uvae."

"Raba zilizovaliwa na kila mtu? Sivai."

"Basi huruki. Kuna benchi nje, utawaangalia wenzako."

Jibaba likabeba mabuti yake likaenda ofisini kushtaki. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta na kitambaa changu, nasugua tope kwenye raba za watu waliotua asubuhi, nikajisemea leo tunafukuzwa kazi sote wawili, ukoo mzima.

Lazima nieleze ilikuwa kazi gani, maana nikisema nilifanya kazi ya viatu kwenye kiwanja cha ndege watu hudhani nilikuwa muuza duka. Kilikuwa kiwanja kidogo cha nyasi, chenye ndege moja na watu waliolipa ili watupwe kutoka angani na mwavuli mgongoni. Walilipa, wakatupwa, na wakashuka wakishukuru. Mimi mwaka wa kwanza nilidhani wana matatizo ya nyumbani.

Baba mkwe alikuwa fundi viatu wa barabarani. Walimwita pale siku moja tu, ashone mikanda ya kubebea miavuli iliyoachia nyuzi. Alipomaliza akatazama miguu ya wateja waliokuwa kwenye foleni. Mmoja ana kandambili. Dada mmoja ana mchuchumio wa kwenda kwenye sherehe. Akauliza, "Hawa wanaruka hivi hivi?" Kesho yake akarudi na sanduku lake la vifaa bila kuitwa, akaketi, na akakaa miaka kumi na tisa. Mimi nilimfuata baadaye, nilipokwisha kuolewa na mwanawe na mwanawe akapunguzwa kiwandani. Chumba chetu kilikuwa cha bati, kina dirisha moja linalotazama ndege, rafu ya mbao yenye jozi themanini za kuazima, na harufu ya gundi ambayo mpaka leo nikiipata kwa fundi yeyote nasimama kidogo, nasingizia natafuta chenji.

Kuchagua kiatu cha kurukia, kwa baba mkwe, hakukuwa jambo la kupima namba tu. Kwanza alikutazama ukitembea kutoka mlangoni, hata salamu hajaitikia vizuri. Kisha alikuvisha raba, akaingiza kidole nyuma ya kisigino. Kidole kikiingia chepesi, anavua. Soli hakuitaka nene mno, maana hutajua ardhi imefika lini, wala nyembamba, maana utajua kupita kiasi. Mwanafunzi wa mara ya kwanza alimpa kiatu kinachoshika kifundo cha mguu. Gidamu alizifunga mafundo mawili, ncha akazisukumia ndani, juu akapitisha utepe wa gundi. Halafu anakupandisha juu ya benchi: "Ruka. Miguu pamoja." Unaruka mara tatu, yeye amefumba macho. Kiatu kikisema pwata, anakwambia, "Vua, hicho kinaongea." Alitaka kiatu kinyamavu. Watu wazima wenye vitambi, mameneja wa watu, niliwaona wakiruka kutoka kwenye benchi kama watoto huku mzee mmoja amefumba macho.

Na ndoano hakuzitaka kabisa. Mwavuli unapofunguka, alieleza kila mara kwa mikono yake yenye rangi ya kiwi, kamba zake zinatoka mbio, na ukiwa umepinduka zinapita miguuni. Kamba moja ikinasa kwenye ndoano ya kiatu, mwavuli haufunguki sawasawa, na huko juu hakuna wa kumwita aje akunasue.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Yote hayo aliyajua kwa Rubani.

Rubani alikuwa mtu mzima mwenzake, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kila asubuhi kabla ndege haijapashwa moto alikuja kuketi kwenye kigoda kando ya sanduku la vifaa, na hapo yalianza.

"Mimi ndiye ninayewapeleka juu, fundi. Bila mimi wewe unashona kandambili sokoni."

"Wewe unawapeleka, mimi nawapokea."

"Unawapokea wapi? Wanapokelewa na ardhi!"

"Na katikati ya ardhi na mguu kuna nani? Jibu hilo, dereva."

Alimwita dereva makusudi. Rubani naye alimwita daktari wa visigino. Walicheka mpaka Mkuu wa kiwanja agonge ukuta wa ofisi. Mimi heshima ya ukwe ilinizuia kuchangia, lakini siyo sana. Nilikuwa natia neno moja moja kutoka nyuma ya kaunta.

Sasa, lile jibaba liliposhtaki, Mkuu akatoka ofisini na tangazo. Alikuwa mtu wa matangazo yule. Akalibandika mlangoni kwetu: kiatu chenye ndoano kikifika kwenye benchi la fundi, fundi akate ndoano, mwenyewe apende asipende. Baba mkwe alilisoma mara mbili akaongezeka urefu. Miaka yote alikuwa anabembeleza na kugombana. Leo ana sheria. Akatoa koleo lake kubwa, akalitia mafuta.

Jumamosi iliyofuata likaja kundi la watu kumi na wanane wa ofisi moja. Kila mtu ana swali, mmoja analia, mwingine anataka apigwe picha. Wale sita wenye ndoano walikubali zikatwe, nikapanga mabuti yao kwenye benchi kwa mstari. Nikiwa nabishana na mama mmoja aliyekataa kuvua bangili ya mguuni, Rubani akapitisha mkono dirishani.

"Mama, mpe fundi haya. Soli ya kulia imeachia mbele, atie gundi. Mimi nimeshavaa viatu vingine."

Nikayapokea. Yalikuwa mabuti meusi. Nikayaweka mwisho wa mstari, nikarudi kwenye bangili yangu. Sikusema ni ya nani. Nilikuwa na mdomo wa kumwambia yule mama maneno ishirini kuhusu bangili, lakini maneno mawili, "ya Rubani," sikuyasema.

Baba mkwe alifika kwenye jozi ya saba akaona ndoano kumi na sita, nane kila buti, nzito, za shaba ya zamani. Akazikata zote, moja moja. Akazifagia pamoja na zile nyingine kwenye debe la taka, na kijana wa usafi akalibeba.

Mabuti yale yalikuwa ya marehemu baba yake Rubani, aliyekuwa akipima barabara porini kwa miguu. Mzee yule hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha mabuti. Rubani alirusha ndege nayo kila siku ya Mungu.

Jioni akaja kuyachukua. Aliyageuza mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye vile vishimo vilivyobaki.

"Fundi. Umenifanyia nini?"

Baba mkwe aliyatazama mabuti, akamtazama Rubani, na nikaona rangi ikimtoka.

"Mimi siruki!" Rubani akapiga kelele, yeye asiyepiga kelele. "Mimi nakaa kwenye kiti! Kamba gani itanasa? Miaka yote umeniona nayo hapa, umekaa nayo goti kwa goti, leo huyajui?"

Nikafungua mdomo. Baba mkwe akanitazama, jicho moja tu, nikaufunga.

"Aliyeshika koleo ni mimi," akasema. "Yaache. Nitazirudisha, zote kumi na sita."

"Utazitoa wapi? Hazitengenezwi tena."

"Nimesema nitazirudisha."

Rubani akayaacha mabuti kwenye benchi akaondoka bila kuaga. Nikamwambia baba mkwe, "Baba, ni mimi niliyeyaweka pale. Niache nikamwambie." Akaendelea kufunga sanduku. "Mkuu akisikia ni wewe, kesho huna kazi. Mumeo hana kazi. Wajukuu zangu watakula tangazo? Nyamaza, mwanangu. Mimi na yule tutayamaliza wenyewe."

Hawakuyamaliza. Asubuhi kigoda kilikaa kitupu. Rubani alipita dirishani akitazama mbele, hatua za kuhesabu, kama anayefuata jeneza. Baba mkwe naye akawa hasemi na wateja; anafunga gidamu, anasikiliza benchi, anasema "nenda." Mtu akija na mchuchumio hasemi hata neno, anaonyesha rafu tu. Mimi ndiye niliyebaki nagombana nao, na bila yeye kugombana hakukuwa na utamu.

Ndoano akawa anazitengeneza mwenyewe. Alinunua koki ya shaba iliyokufa kwa mtu wa vyuma chakavu, akaikata vipande, akakalia tupa kila mapumziko ya mchana. Kipande kinasuguliwa mpaka kiwe chembamba, kinapindwa polepole kwenye msumari, na mara nyingi kikifika hapo kinavunjika. Mikono yake ilishaanza kutetemeka miaka ile. Ndoano moja ilimchukua wiki, mara nyingine zaidi. Ikikamilika anaigongomea kwenye buti, analiweka buti juu ya rafu, uso wake dirishani, ili apitaye aone. Mpitaji hakugeuza shingo.

Zilipofika kumi na tano tulikuwa tumeingia mwezi wa tano wa kununiana. Ndipo Mkuu akabandika tangazo jingine: Rubani anastaafu, safari yake ya mwisho ni Jumamosi, anahamia kwa binti yake mbali. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Baba mkwe alilisoma, akachukua tupa akaanza kipande cha mwisho. Kikavunjika. Akakata kingine. Ijumaa nacho kikavunjika, na koki ikawa imekwisha. Alikaa ameshika vumbi la shaba kiganjani, na nilimwona mzee wa watu akitafuta mahali pa kulimwaga asipate.

Sikuomba ruhusa. Nilivua aproni, nikakatiza nyasi hadi kwenye ndege. Rubani alikuwa anafuta kioo.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba." Hakugeuka.

"Mabuti yako niliyapokea mimi dirishani. Niliyaweka kwenye mstari wa kukatwa ndoano bila kusema ni ya nani. Yeye alikuwa na jozi sita za namna hiyo mbele yake na nyuma yake watu kumi na wanane. Akanikataza nisiseme, eti nitafukuzwa. Sasa nimesema. Nifukuzishe ukitaka, lakini usiondoke umemnunia mtu asiyestahili."

Akaacha kufuta.

"Miezi mitano," akasema, "unanipitia hapa na ndoo yako, unanisalimu."

"Ndiyo, baba."

"Una moyo mgumu, wewe mwanamke."

"Ndiyo, baba."

"Na yeye kichwa kigumu."

"Hapo umesema kweli."

Jumamosi alikuja mapema, kabla ndege haijapashwa moto, na soksi miguuni. Akapita mlangoni, hakuangalia upande wangu, akavuta kigoda akaketi. Baba mkwe hakuinua uso. Niliona tu sindano yake ya kushonea imesimama.

"Nipe mabuti yangu, fundi."

"Hayajaisha. Zimefika kumi na tano."

"Nimehesabu."

"Umehesabu lini?"

"Kila siku. Unadhani mimi ni kipofu? Ndege nairusha kwa kunusa?"

Baba mkwe akayashusha rafuni kwa mikono miwili. Rubani akavaa la kushoto, akavaa la kulia. Ukipitisha kidole gumba kwenye ndoano zile ungejua zimetoka kwenye tupa. Hazikulingana, nyingine nene, nyingine zimeinama kidogo kama zinasikiliza jirani. Baba mkwe akapiga goti, kama alivyompigia kila mteja, akaanza kupitisha gidamu. Alipofika pale penye pengo akasita.

"Nipe wiki moja," akasema. "Nitaituma. Deni ni deni."

"Wiki moja nitakuwa sipo."

"Basi nitaituma kwa posta."

"Fundi, hiyo moja nimekusamehe."

"Sitaki kusamehewa ndoano. Kazi nusu sijawahi kuitoa mimi."

"Basi umelipa. Miezi mitano nimekunyima salamu, na kosa halikuwa lako. Hiyo moja iwe fidia yako, na hata haitoshi. Funga kamba, abiria wananisubiri."

Baba mkwe alibaki ameinama. Kisha akaruka lile pengo, akavuta gidamu hadi juu, akafunga mafundo mawili, akasukumia ncha ndani.

"Panda kwenye benchi," akasema. "Miguu pamoja."

"Mimi? Na umri huu?"

"Panda, dereva."

Akapanda.