Waliosali Nje ya Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini, Metroni, mkuu wa wauguzi, alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso. Alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye saa ndogo iliyobanwa kifuani, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota mashambani. "Hapa hakuna kukimbia," aliniambia. "Moto, kimbia. Damu, kimbia. Ingine yote, tembea."

Nimeishika amri hiyo maisha yangu yote, na namshukuru Mungu kwa kunipa mkubwa wa namna ile. Ninyi mnaoanza uuguzi leo nataka niwasimulie juu ya damu fulani ambayo zamani zetu haikukimbiliwa na mtu.

Hiyo ilikuwa Nakuru, muda mfupi baada ya uhuru. Mabango yaliyotenga wodi ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika yalikuwa yameondolewa, lakini matundu ya misumari yalibaki ukutani, na wagonjwa waliendelea kuyafuata kana kwamba mabango yangali pale. Wodi ya juu, yenye mapazia na madirisha ya kutazama ziwa, ililaza wake za masetla, wakulima wa Kizungu waliobaki, na, polepole, wake za wakubwa wapya. Ya katikati ilikuwa ya akina mama wa Kihindi kutoka maduka ya mjini. Ya chini ilikuwa yetu, na huko vitanda havikutosha, wagonjwa wakalala wawili wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kule.

Daktari wa wanawake alikuwa Singasinga mwenye kilemba cheupe, mzaliwa wa Nakuru hapa hapa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mwanamke akishakoma hedhi, alituambia, damu haina ruhusa ya kurudi. Ikirudi, hata tone moja, lazima sababu itafutwe. Mgonjwa alitiwa usingizi, mlango wa kizazi ukapanuliwa kidogo, kisha daktari akakwangua ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kwa kyureti, kijiko chembamba cha chuma chenye mpini mrefu. Vipande vilivyotoka nilivitia katika chupa ya fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, nikabandika jina, na chupa ikasafirishwa Nairobi kwa wataalamu wa hadubini. Ikiwa ni kansa ya ukuta huo, na imewahiwa, mfuko wote uliondolewa. Wengi walipona.

Lakini waliopona walitoka wodi ipi? Mke wa mkulima mmoja wa Gilgil aliona doa kwenye shuka, akapiga simu asubuhi ile ile, na kabla juma halijaisha alikuwa ameshakwanguliwa. Baadaye alituletea kikapu cha matunda. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alingoja kwanza, kwa sababu hakutaka kumwambia daktari mwanamume, na aliyemleta mwishowe ni wifi yake. Naye alipona, ingawa kwa shida. Mama zetu wa wodi ya chini walifika wakiwa wamebebwa.

Tena wapo waliofika mapema wakarudishwa. Vitabu vya wakati ule vilisema kansa ya ukuta wa mfuko ni ya wanawake wa Kizungu, na kwamba Mwafrika huugua ya mlango wa kizazi. Basi mama mweusi akija anatoka damu, aliangaliwa mlango. Ukiwa safi, alipewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa aende nyumbani. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Ndivyo sote tulivyofunzwa. Daktari wetu peke yake alikuwa na swali alilopenda kutuuliza tukizunguka vitanda: "Sista, huyu angekuwa wodi ya juu, leo tungemfanyia nini?" Nililichukua swali lile kama mtu anavyochukua mstari wa Zaburi, nikaenda nalo nilipohamishiwa kituo cha afya cha Subukia.

Subukia wakati huo ilikuwa inajaa watu walionunua mashamba ya masetla kwa ushirika. Jirani na kituo palikuwa na kanisa la mabati la wavaa vilemba vyeupe. Mimi ni wa kanisa jingine, lakini baada ya ibada yangu nilipita kwao kuwafundisha akina mama kulisha watoto. Hawa ndugu huvua viatu kabla ya kuingia, na mwanamke aliye katika siku zake havuki kizingiti. Hukaa nje kwenye nyasi, karibu na ukuta, akisali kutoka pale. Aliyekoma hedhi hakai nje tena, na wazee wa kike ndio hushika ngoma.

Mpiga ngoma wao mkuu alikuwa Shosho Nyambura, nyanya mjane, mwenye mikono mikubwa ya kulima. Jumapili moja nilimkuta nje, kati ya wasichana.

"Sista, ona Shosho amerudi usichana," mmoja alinitania. "Tunamtafutia bwana."

"Mnitafutie mwenye ng'ombe," Shosho akajibu, "si kama hao wenu wa baiskeli."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Nikaketi kando yake nikamwuliza nani anapiga ngoma leo.

"Mwingine."

"Na wewe, Shosho?"

"Mimi niko nje, si unaniona?" Akavuta shuka mabegani. "Hiyo maneno ingine siwezi sema na mtoto. Wewe ni rika ya binti yangu kitinda mimba."

Sikumlazimisha. Kwetu mzee hamwambii mtoto habari za mwili wake, hata mtoto huyo akiwa amevaa kofia nyeupe ya uuguzi. Nikaenda kwa mke wa mzee wa kanisa, Mama Ruthu, aliyekuwa rika moja na Shosho.

"Sisi tunamwombea aungame," Mama Ruthu aliniambia kwa huzuni. "Mungu hamrudishi mtu nje bure. Kuna kitu hajasema."

"Mwombeeni, Mama. Lakini mwulize pia damu ilianza lini."

Alirudi na jibu: ilianza mahindi yakipandwa, na sasa yalikuwa yanavunwa. Shosho alikuwa ameshafika kituoni kwetu kabla sijahamia, akaangaliwa mlango wa kizazi, ukaonekana safi, akapewa vidonge. Alivimeza vyote kwa uaminifu. Kila Jumapili aliketi nje akitafuta dhambi yake.

Nilimwendea Afisa wa kliniki, mkubwa wangu pale, mtu mpole. "Nakuru watasema tunawajazia vitanda na wazee," alisema. Nikamweleza swali la wodi ya juu. Akasema, "Gari la chanjo linarudi mjini kesho. Mpeleke."

Kazi iliyobaki ilikuwa Shosho mwenyewe. Aliogopa kisu. "Wakitoa nyumba ya mtoto," alimwambia Mama Ruthu, "mimi nitakuwa mwanamke gani?"

"Watoto walishahama zamani," rafiki yake akamjibu. "Nyumba tupu unailinda ya nini? Twende, mimi nitakaa na wewe."

Nakuru, mlango ulipofunguka na Daktari akaingia na kilemba chake cheupe, Shosho aliinuka kitandani. "Kumbe daktari ni wa kanisa letu," alisema. "Hamkuniambia." Alisema kwa lugha ya nyumbani, nami nikamtafsiria Daktari, naye akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mwambie Mungu ni mmoja," alisema. "Na mwambie aliyemleta amefanya vema."

Alimkwangua siku iliyofuata. Jibu la Nairobi lilisema ni kansa ya ukuta wa mfuko, ile ya vitabu vya Wazungu, lakini ilikuwa bado haijatoka nje ya mfuko. Waliuondoa. Mama Ruthu alilala sakafuni kando ya kitanda mpaka siku ya kurudi nyumbani, na Metroni, ambaye hakuruhusu jambo kama hilo, alipita akijifanya hamwoni.

Sikuwepo Shosho aliporudi kanisani, ila nyumba yangu ilikuwa karibu. Nilikuwa nachambua maharagwe niliposikia ngoma. Mkono ule niliujua. Niliweka sinia chini nikamshukuru Mungu nikiwa nimesimama.

Tangu hapo Mama Ruthu na wenzake walikubaliana jambo, bila kuniuliza. Mama aliyekwisha kukoma akionekana ameketi nje, hakuombewa aungame. Aliketiwa kando na wa rika lake, akaulizwa, na Jumatatu akaletwa kwangu. Wengi wao hawakuwa na kansa. Waliokuwa nayo, baadhi tuliwawahi. Mmoja alitoka mbali na hatukumwahi, na mpaka mwisho wake alinishika mkono akinipa pole mimi.

Baadaye nilihamishiwa Gilgil, kisha nikarudi Nakuru nikiwa Sista mkuu wa wodi, sasa bila ya juu wala ya chini. Huko nako sikumtuma msichana kumwuliza mzee. Nilimtafuta mzee mwenziwe. Hii ndiyo hekima ninayoweza kuwaachia, na si yangu, ni ya Mama Ruthu.

Mjukuu wangu, muuguzi kama ninyi, ananiambia hata leo, hata katika nchi tajiri, mwanamke mweusi mwenye ugonjwa huu hugunduliwa akiwa amechelewa na hufa zaidi ya mwenziwe mweupe. Nilisikitika, ila sikushangaa. Niliyaona matundu ya misumari. Kwa hiyo nawaomba, mkiwa mbele ya kitanda chochote, liulizeni swali la Daktari wangu.

Shosho alipiga ngoma miaka mingi, akafa kwa uzee, kitandani mwake. Nilipostaafu, kanisa lile lilinialika ili linishukuru, nami nikaenda. Nilivua viatu. Kabla ya kuvuka kizingiti niligeuka, kwa mazoea ya kazi, nikatazama nyasi za pale ukutani.

Walikuwepo wasichana tu, wakiongea na kucheka. Nikaingia.